Kichaka Chenye Mkia

Nyie vijana wa mimea, mmenijia hapa Mpanda na soda ya baridi mkitaka niwafundishe kutambua migunga. Soda nimekunywa, ahsanteni. Ila msije mkasema sikuwaonya: nimestaafu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko siku niliyoajiriwa. Siku ile nilijua mgunga ni mgunga, una miiba, unachoma, basi. Leo ukiniwekea vijiti viwili vya mgunga mezani, kwanza naomba kiti.

Mwenzenu huyu mwenye kofia nyekundu kaelekeza simu yake kwenye kichaka cha uani kwangu. Simu ikafikiri, ikafikiri, ikajibu kwamba kile ni kichaka cha Australia. Mkaangaliana. Mimi nimecheka mpaka soda imenipalia, maana kile kichaka nimekipanda mwenyewe kwa mbegu nilizotoa Kasansa. Na habari ya Kasansa ndiyo ninayotaka kuwapa, pamoja na habari ya mama mmoja aliyekuwa anatafuta kaburi la mume wake. Habari hizo mbili ni moja, mtaona.

Ila msiicheke sana hiyo simu. Hata sisi majina yametutoa jasho. Zamani migunga yote kazini kwetu iliitwa Akasia, na nyuma ya Akasia kuna jina la pili, la kila mmoja. Nilikariri yale majina nikisonga ugali, nikifua, nikiwa kwenye foleni ya maji, mpaka jirani akamuuliza mume wangu kama nimeanza kusali kwa lugha nyingine. Siku nilipoyamaliza, ikaja taarifa kwamba wataalamu wa dunia wamekaa kikao, wakaona jina la Akasia libaki kwa miti ya Australia, kwa sababu huko ndiko ilikojaa. Ya kwetu ikagawanywa, mingine iitwe Vachelia, mingine Senegalia. Mzee Gaspari aliisikiliza ile taarifa yote, kisha akauliza, "Na miti yenyewe imeshaambiwa?"

Mzee Gaspari ndiye aliyenifundisha kazi. Mkonongo, mwenyeji wa huku, mwembamba, haongei mpaka umsahau. Kazi yake ilikuwa kuona na kukata, kazi yangu ilikuwa kubana. Nyie siku hizi mnapiga picha. Sisi tulichukua tawi lenyewe, lina jani, ua na tunda, tukalilaza kwenye gazeti, juu gazeti, chini gazeti, katikati boksi lililokatwa, halafu mbao mbili na mikanda, unakaza kwa goti. Kila siku unabadilisha magazeti, la sivyo ukungu unakula kila kitu. Likishakauka linapelekwa mjini, kwenye nyumba wanamohifadhi mimea iliyokaushwa, linakaa huko hata wajukuu zenu walikute.

Sasa mgunga ndio mmea wenye roho mbaya kuliko yote kwa mbanaji. Kwanza mwiba unatoboa gazeti, unatoboa boksi, unakutoboa na wewe. Pili vijani vyake vidogo vinajikunja ukishakata tu, kwa hiyo bana hapo hapo, usiseme nitabana nikifika kambini. Tatu, hata ukiwahi, ukifungua kesho yake unakuta tawi tupu na vijani vyote vimemwagika pembeni. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilidhani nimerogwa. Mzee Gaspari akanionyesha: chemsha maji kwenye sufuria pana, chovya tawi kidogo tu, toa, kung'uta, kisha bana. Vijani vinakufa ghafla, vinasahau kuanguka. Hilo liandikeni, kwenye simu halimo.

Kingine alichonifundisha ni kanuni ya mwiba na ua. "Tazama mwiba," alisema. "Ukiwa umenyooka, tena imetoka mapacha, ua lake litakuwa kidonge, la mviringo. Ukiwa umepinda kama ndoana, ua lake litakuwa refu kama brashi ya kuoshea chupa." Nikafurahi jamani! Nikazunguka siku nzima nikisema, kidonge, brashi, kidonge, brashi. Jioni akaniambia, "Ila kuna mmoja una mwiba ulionyooka na ua la brashi." Kesho yake akaniambia, "Na kuna mwingine, mwiba wake si mwiba, ni tawi lililochongoka." Nikamuuliza, mzee, sasa kanuni iko wapi? Akajibu, "Kanuni ni ile ile."

Na hapo hajaniambia kwamba mgunga ukiwa mdogo una miiba ya kutisha, ukirefuka huko juu hauna hata mmoja, kwa kuwa mbuzi hawafiki. Hajaniambia kwamba moto ukipita na kichaka kikachipua upya, majani yanakuja makubwa, mekundu, hayafanani na ya mama yake. Kule Kasekese niliwahi kubana kichaka kimoja mara mbili, upande ulioungua na upande uliosalia, nikavipa namba mbili kama mimea miwili, kwa moyo mweupe kabisa. Kwa hiyo mkichanganyikiwa msione aibu. Anayesema migunga haimchanganyi, huyo hajaitazama.

Mzee Gaspari alikuwa na kasoro moja, na hiyo mniruhusu niiseme kwa sababu anaijua. Alikuwa hapigi hodi. Akiona tawi analolitaka anaingia, awe shambani kwa mtu, awe uani kwa mtu, anakata, anatoka. Kule Katumba aliingia kwenye shamba la tumbaku la watu, akaenda moja kwa moja kwenye kichaka cha mpakani. Mwenye shamba, mzee wa Kirundi, akaja na jembe begani, anatetemeka kwa hasira. "Unakata nini kwangu?" Gaspari bila kugeuka akamjibu, "Sijakata chako, nimekata cha Mungu." Loo! Mimi ndiye niliyekimbia katikati yao na Kirundi changu cha neno moja, "Amahoro, mzee, amahoro, amani jamani," huku nimekumbatia mbao za kubania kama ngao.

Njiani nilimfokea. "Kwani kusema hodi kunakupunguzia nini?" Akaniambia, "Skola, hodi ni ya nyumbani. Porini nampigia nani?" Nikanuna mpaka Mpanda.

Haya, twende Kasansa. Mara ya kwanza tulipita tu, tukitokea kwenye kazi nyingine. Ng'ambo ya kijiji kuna mbuga ya udongo mweusi, ule ambao masika unakuvua viatu na kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia. Nyasi tupu. Katikati ya nyasi Mzee Gaspari akaona kichaka, kinene, cha mviringo, kimesimama peke yake. Akamgonga dereva bega. Tukashuka.

Ilikuwa migunga mifupi, kimo cha mtu, imeshikana. Miiba mirefu myeupe, miwili miwili. Na matunda yake yalikuwa maganda membamba yaliyobanwa kati ya mbegu na mbegu, mfano wa shanga zilizotungwa. Mzee Gaspari aliyageuza mkononi muda mrefu. Mtu aliyezaliwa ukanda huu, aliyetembea bonde lote hili kwa miguu, akasema, "Huu siujui." Nilishtuka kuliko kama angesema kaona simba.

Dereva anapiga honi, jua linachoma, tukakata harakaharaka, kila kitu ndani ya kiroba kimoja. Jioni nikapanga: tawi lenye miiba iliyonyooka, matunda ya shanga, na maua. Maua yalikuwa meupe, marefu, brashi. Nikasema, eti, huu ndio ule unaovunja kanuni? Gaspari akasema siyo ule. Tukabana, tukapeleka mjini.

Baada ya muda simu ikaita. Alikuwa Dokta Rehema, mtaalamu aliyekuwa anasimamia ile nyumba ya mimea iliyokaushwa. Mwanamke mpole, ila siku hiyo sauti ilikuwa imepanda. "Mama Skola, mmeniletea nini? Mwiba unanipeleka huku, ua linanipeleka kule, tunda linanirudisha. Nimekaa nacho, nimewaita wenzangu, tumekaa nacho wote. Ama ni kitu ambacho hakijawahi kuonekana duniani, ama mmenichanganyia." Nikamwambia hatujachanganya. Nilipokata simu nikamwambia Gaspari, kiroba chako hicho. Akasema, mikono yako hiyo. Tunabishana mpaka leo tukikutana kanisani, na padri ameshachoka kutusuluhisha.

Dokta akaamua kuja mwenyewe. Alikuja mwishoni mwa kiangazi, mawingu yameanza kujikusanya lakini mvua bado. Alitaka kitu kimoja tu: ua na tunda kutoka kichaka kimoja, na ikiwezekana tawi moja, limekatwa mbele ya macho yake. Bila hivyo, alisema, hakiandikwi jina lolote.

Tulipopita kijijini kuarifu kwamba tunaingia mbugani, mwenyekiti akatuambia, "Mtamkuta huko mama mmoja wa Kisukuma, yuko peke yake na fimbo. Msimwogope. Anatafuta kaburi."

Tukamkuta kweli, anatembea polepole huku anatazama chini. Mama mrefu, mzee kunizidi, kanga moja kichwani, nyingine begani. Nikamwamkia kwa kilugha chake, "Wangaluka, mayu." Uso wake ukafunguka. Akasema anaitwa Mama Masanja, ametoka Kasekese anakoishi na mwanawe. Nikamwambia sisi tunatafuta kichaka. Akacheka kidogo, "Afadhali nyie, kichaka kinaonekana."

Akatueleza yote pale pale tumesimama. Walikuja bonde hili na mume wake, kutoka kaskazini, kwa miguu, na ng'ombe na mbuzi na mkokoteni. Yeye alikuwa na mimba ya Masanja, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Wakajenga hapa mbugani, zizi na nyumba mbili za udongo. Mvua zilipoisha mara ya pili mume akaugua, akafa. Kwa desturi ya ukoo wao, mwenye mji anazikwa mlangoni mwa zizi lake, mkono wa kulia ukiwa unatoka. Wakamzika hapo. Kisha shemeji akaja kumchukua yeye na watoto na mifugo, wakahamia Kasekese, na hakupata kurudi.

"Sasa hii mbuga imegawiwa mashamba ya mpunga," akasema. "Mvua ya kwanza ikinyesha tu, trekta linaingia. Nimemfuata mwenye trekta, ni kijana mwenye adabu, sina ubaya naye. Kaniambia, mama, nionyeshe lilipo, nitalizunguka. Nisiloliona nitalipitia." Akatazama mawingu. "Na mimi silioni. Nyumba zilishaanguka zikawa udongo. Kulikuwa na mti mkubwa, tuliutumia kama alama, umekwenda mkaa. Mahali hapa napajua hata kwa harufu. Lakini penyewe sipaoni."

Nilimuuliza hakuweka kitu juu yake? Akasema mbugani hamna mawe, wala huwezi kupata la ukubwa wa ngumi, kwa hiyo alilaza jiwe lake la kusagia, lile la chini, akaligeuza kifudifudi. Ndilo jiwe alilopewa na mama yake alipoolewa. Dokta Rehema akawa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Lakini kazi ni kazi. Tukamwachia maji, tukaenda kwenye kichaka chetu. Dokta akapiga magoti akaingia, kidogokidogo, anafuata tawi moja kutoka shinani mpaka nchani. Mara nikamsikia humo ndani, "Hee!" Halafu akaanza kucheka. "Mama Skola, njoo uone."

Nikatambaa. Mgunga wa shanga ulikuwa na ua la kidonge, la njano, linanukia. Kidonge! Kama kanuni inavyotaka. Yale maua meupe ya brashi yalikuwa ya kichaka kingine kabisa, chenye miiba ya ndoana, kinachotambaa na kujisokota ndani ya mwenzake kama nywele zilizosukwa. Sisi tulikuwa tumekata mimea miwili tukaibana mmoja.

"Kwa hiyo si kitu kipya," Dokta akasema, akakaa chini na suruali yake safi. "Ni mgunga wa kawaida. Huko kaskazini umejaa kandokando ya barabara, mbuzi wanaula kila siku." Nilimwonea huruma, alikuwa ametoka mbali. Ila hakukaa na huzuni muda mrefu, kwa sababu hapo hapo alichanganyikiwa upya, sisi pamoja naye. Kama ni wa kaskazini, hapa umefikaje? Tulikuwa tumezunguka bonde zima, hakuna mwingine. Upepo haubebi ganda zito hivi. Ndege hawali. Mtu? Nani mwenye akili atabeba miiba aje kuipanda katikati ya mbuga, tena kwa mviringo? Mzee Gaspari alizunguka kile kichaka, akarudi, akasema, "Sielewi." Wote watatu tukakaa tunakitazama.

Nilitoka na ganda moja mkononi nikaenda kumtazama yule mama, maana jua lilikuwa kali. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari. Nikampa maji. Hakuyachukua. Alichukua ganda. Akalitikisa sikioni, mbegu zikalia chakachaka.

"Umelitoa wapi hili?"

Nikamwonyesha kichaka kwa kidole.

"Yaya," akasema, hapana. "Hizi ni za kwetu. Huku hazipo. Hizi tulizibeba wenyewe." Akasimama. "Kiangazi kile cha safari hapakuwa na nyasi njiani. Tulikusanya haya magunia kwa magunia tukapakia kwenye mkokoteni. Mbuzi na ndama waliishi kwa haya. Hata tulipofika hapa bado yalikuwapo, nilikuwa nawamwagia mwenyewe kila jioni."

Dokta Rehema alikuwa amekuja nyuma yetu bila kusikika. "Mama, ulikuwa unawamwagia wapi?"

"Zizini. Wapi tena?"

Dokta akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akamweleza polepole kwamba mbegu ya mgunga huu ni ngumu sana, tumbo la mnyama haliisagi, linalainisha ganda lake tu, kisha inatoka na samadi, na samadi ikipata mvua inaota. Mimi huo ulikuwa utaalamu mgeni, ila niliuelewa hapo hapo, nikageuka kulitazama lile duara. Mama Masanja aliangalia kichaka, akaangalia lile ganda.

"Mimi natafuta mahali peupe," akasema kwa sauti ndogo. "Zizi ninalolijua ni peupe, samadi tupu, hapaoti hata jani. Hiki kichaka nimekuwa nakizunguka siku zote hizi. Nakikwepa kwa sababu ya miiba."

Basi tukadhani tumemaliza, kumbe ndiyo kwanza tunaanza kuchanganyikiwa! Zizi lilikuwa hilo, sawa. Mlango uko wapi? Kichaka ni duara, kinene pande zote. Mama Masanja akaingia kwa upande huu, akatoka na mikwaruzo, akasema hapa ndipo. Akazunguka, akasema hapana, jua lilikuwa linatupiga usoni tukitoka. Tena akasema, lakini hiyo ilikuwa wakati gani wa mwaka? Mlango ulielekea kisimani, lakini kisima kilishafukiwa na tope, hakijulikani. Akaanza kulia, kulia kwa hasira, anaupiga udongo kwa fimbo. "Nimefika mlangoni kwangu nashindwa kuujua mlango!" Nililia na mimi, siwafichi. Na wingu likanguruma huko Rukwa, kama linatukumbusha trekta.

Mzee Gaspari alikuwa ametoweka. Nikageuka kumtafuta ili nimfokee, maana ndiyo desturi yangu nikikosa la kufanya. Alikuwa amepanda juu ya paa la gari, amesimama huko na kofia yake, anaangalia.

"Kina mkia," akasema.

"Nini kina mkia?"

"Kichaka. Kina mkia."

Tukapanda, hata Dokta. Kweli. Ukiwa chini huoni, nyasi zinaficha. Ukiwa juu unaona vigunga vidogo vidogo, kimoja hapa, kingine mbele, vimetoka kwenye lile duara upande mmoja na kwenda mstari mpaka mbali mbugani, mahali penye matete makavu. Dokta akauliza mstari huo ni wa nini, maji hayakupita hapo. Gaspari hakujua. Mimi ndiyo msiniulize.

Tukamweleza Mama Masanja tulichokiona. Akawa anasikiliza na machozi bado yako mashavuni, halafu jamani akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea gari. "Nyie hamjawahi kuchunga," akasema. "Ng'ombe wakifunguliwa asubuhi, hawangoji wafike mbali. Wanaachia njiani, wanaachia njiani, mpaka kisimani."

Trekta lilikuja baada ya mvua ya kwanza, na yule kijana alitimiza neno lake, akazunguka duara lote na mkia kidogo. Ukienda leo Kasansa unakiona kichaka kimesimama katikati ya mpunga. Na lile tawi liko mjini kwenye ile nyumba, limeshabandikwa jina, likafutwa, likabandikwa jingine, na mimi nimeacha kufuatilia sasa hivi linaitwaje. Lakini nimeruka mbele. Siku ile mvua ilikuwa bado.

Tulifuata mkia kwa miguu, kutoka matete kurudi kwenye duara, Mama Masanja mbele. Pale mstari ulipoingia kwenye kichaka palikuwa na nafasi ambayo migunga ilikuwa imeachana kidogo, ukiinama unapita. Akapita. Akageuka, akasimama kama mtu anayetoka, akanyoosha mkono wa kulia. Hapo palikuwa na mgunga mmoja mzuri kuliko yote. Akapiga magoti, akaondoa majani makavu kwa viganja, nami nikamsaidia. Udongo ule unameza, jiwe lilikuwa limezama lote, umebaki ukingo tu. Akaingiza vidole chini yake, akapapasa upande uliolala kifudifudi. Akapata lile bonde la kusagia.

"Hili nimelichimba mimi," akasema. "Kwa mtama wa miaka yangu yote ya ndoa." Kisha akaongea Kisukuma, kirefu, haongei na sisi. Nilikuwa na furaha na uchungu pamoja, na sikujua nianze na kipi.

Sasa sikilizeni nyie mnaotaka kazi hii. Mbuzi wa kijiji walikuwa wamekula kichaka kile pande zote. Maua yapo huku, matunda yapo kule, ya shina tofauti. Shina pekee lililokuwa na ua na tunda kwenye tawi moja lilikuwa lile lililoota kichwani pa kaburi. Mimi nililiona. Dokta Rehema aliliona, akageuza macho, akaanza kutazama kiatu chake. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa ajili ya tawi lile, na hakuliomba.

Mzee Gaspari alikuwa na mkasi mkononi. Akautazama, akainama, akatoka nje ya kichaka. Nikamsikia anakanyaga nyasi, anakwenda mbali kwa kufuata ule mkia. Nikajua amekasirika, anarudi kwenye gari. Mara hatua zikageuka. Zikarudi polepole, zikasimama nje, pale pale palipokuwa mlango. Nikachungulia. Amevua kofia, ameishikilia kifuani.

"Hodi," akasema Mzee Gaspari. "Hodi wenyewe."

Mama Masanja akajifuta uso kwa kanga. Akakaa vizuri pembeni ya jiwe lake, akanyoosha mgongo.

"Karibu, baba," akaitikia. "Wenyewe tupo."